Ukipanga safari ya milimani, anza na mteremko

Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Methali hii tulifunzwa shuleni ili tusilewe na vyeo tutakapovipata. Mimi niliielewa kwa maana yake ya wazi kabisa mnamo Julai 2023, nikiwa nimeketi kando ya kaka yangu mkubwa ndani ya gari la tani sita, tukiteremka mlima katika jimbo la Colorado, Marekani, huku harufu ya breki zinazoungua ikitujia puani.

Usihofu, msomaji. Hiki si kisa cha maafa, na sote tulirudi nyumbani tukiwa wazima. Hata hivyo, siku hiyo niligundua kwamba wengi wetu hupanga safari ya milimani kichwa chini miguu juu. Tunauliza kama gari litaweza kupanda, na likishafika kileleni tunashangilia kana kwamba kazi imekwisha. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza.

NYUMBA JUU YA MAGURUDUMU

Kaka yangu alikuwa ameishi Denver, mji mkuu wa Colorado, kwa miaka 14. Alipotualika kumtembelea, aliahidi kwamba hatutakaa nyumbani kutazama televisheni. Angekodi gari-nyumba, nasi tungeizunguka Milima ya Rocky kama familia.

Kwa asiyelijua, gari-nyumba ni kama lori dogo ambalo badala ya kubeba mizigo limebebeshwa nyumba. Ndani mna vitanda, jiko la gesi, jokofu, meza ya kulia, choo na bafu dogo la kujimwagia maji. Chini ya sakafu mna tangi la maji safi na matangi ya maji machafu, ambayo humwagwa kambini mahali palipotengwa. Familia hupika humo, hula humo na kulala humo. Letu lilikuwa na urefu wa mita tisa, karibu mara mbili ya matatu ya abiria 14, na kimo cha mita tatu unusu.

Tulikuwa sita. Kaka alikuwa dereva, nami nilikuwa kama utingo wake. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa jiografia, alikaa nyuma na watoto wetu wawili, mvulana wa miaka 13 na msichana wa miaka tisa. Na alikuwako Mama, mwenye umri wa miaka 71, aliyetoka Voi na ambaye shinikizo lake la damu hutulizwa kwa vidonge vya kila siku. Mke wa kaka hakupata likizo kazini.

Mama alilizunguka lile gari mara mbili, akaligonga ubavu kwa kidole, kisha akauliza: "Yaani mnataka kunipandisha mlimani nikiwa jikoni?"

Tulicheka. Lakini swali lake lilikuwa na uzito. Katika Colorado, leseni ya kawaida ya gari dogo inatosha kuendesha gari-nyumba kama lile. Mtu anaweza kushuka kwenye gari lake dogo asubuhi, na adhuhuri akawa anaendesha nyumba nzima bila kufunzwa hata saa moja. Sheria inamruhusu. Mlima haujui sheria hiyo.

RAMANI MEZANI

Jioni ya kwanza kaka alitandaza ramani mezani na kutuonyesha mpango wake. Ulikuwa wa siku nne. Tungetoka Denver kuelekea magharibi, tukate pito la Independence, tushuke hadi mji wa Ouray, tufuate barabara mashuhuri iitwayo Barabara ya Dola Milioni hadi Silverton na Durango, kisha turudi. Pito, kwa maana yangu hapa, ni mahali barabara inapovukia mgongo wa mlima.

"Denver hadi Durango ni kilomita 540 hivi," kaka alisema. "Ni Nairobi hadi Mombasa na ziada kidogo."

Mke wangu aliitazama ramani kwa muda, kisha akaomba karatasi ya miraba na penseli. Akawaita watoto. Walianza kuuchora mlima kwa upande, kama mtu anayekata keki ili aone tabaka zake: umbali ukilala chini ya karatasi, na kimo kikipanda ubavuni. Hapo ndipo sote tulipofunguka macho. Denver, inayojulikana kama jiji la maili moja juu ya bahari, ina kimo cha mita 1,609. Iko chini kuliko Nairobi! Mtoto wangu wa kiume alitembea kwa maringo usiku huo wote.

Lakini maringo yaliisha penseli ilipozidi kupanda. Timboroa, ambako reli yetu ya kwenda Uganda hufikia kilele chake, ni karibu mita 2,800. Pito la Independence ni mita 3,687. Pito la Red Mountain, kwenye Barabara ya Dola Milioni, ni mita 3,358. Kwa aliyewahi kuukwea Mlima Kenya kupitia Sirimon, kambi ya Old Moses iko mita 3,300 hivi. Mahali ambapo kwetu mtu hufika kwa miguu akihema, kaka alitaka kufika na jokofu.

Kutokana na karatasi ile yalizuka maswali matano, nami nayaandika hapa kwa sababu yanamfaa yeyote anayepanga safari ya aina hii.

Swali la kwanza: gari letu linatoshea? Kwenye pito la Independence, magari yenye urefu wa zaidi ya futi 35, yaani mita kumi na ushei, yamepigwa marufuku kwa sababu kona ni kali na barabara hupungua upana. Letu lingeruhusiwa. Lakini kuruhusiwa si kufaa. Tulilifuta pito hilo.

Swali la pili: tutazunguka upande gani? Wamarekani huendesha upande wa kulia. Ukitoka Ouray kwenda Silverton, unakuwa upande wa nje, ukingoni mwa korongo. Ukitoka Silverton kwenda Ouray, unaambaa na mwamba, na korongo liko ng'ambo ya pili. Ni barabara ile ile, lakini kwa dereva mgeni ni kama barabara mbili tofauti. Basi tukaugeuza mzunguko mzima: kusini kwanza, kisha magharibi, kisha kaskazini, kama mshale wa saa.

Swali la tatu: tutalala kimo gani? Voi ni mita 600 hivi juu ya bahari. Mtu aliyezoea huko akipelekwa ghafla mita 3,000, anaweza kuumwa na kichwa, kutapika na kukosa usingizi. Daktari wa Mama alimshauri apande polepole, anywe maji kwa wingi na asiache vidonge. Tukaamua kukaa Denver siku mbili kwanza, na baada ya hapo kulala chini ya mita 2,500 kila usiku. Pita juu, lala chini, ndiyo iliyokuwa kanuni yetu.

Swali la nne: tutapita saa ngapi? Mwezi wa Julai, radi na mvua hupiga milima ya Colorado aghalabu baada ya adhuhuri. Tulikubaliana kuvuka kila pito asubuhi, na kutosafiri zaidi ya kilomita 270 kwa siku. Tena gari-nyumba hunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka malishoni wakati wa kiangazi. Lita moja hulifikisha kilomita tatu au nne tu. Na kwa kuwa lita moja ya maji ni kilo moja, hatungepanda mlima na tangi lililojaa ilhali kambini maji yapo.

Swali la tano: tukishindwa, tutapitia wapi? Kwa kila sehemu ngumu mke wangu alichora mstari wa pili kwa kalamu nyekundu. Kaka alipouona alikunja uso.

"Mnanifanya dereva wa bibi harusi," alinung'unika. Siku zake nne zilikuwa zimekuwa tisa.

POLEPOLE KUELEKEA KUSINI

Tulitoka Denver asubuhi ya Jumatatu kwa barabara ya 285. Kufikia pito la Kenosha, mita 3,048, injini ilikuwa inalia kama punda aliyebebeshwa mawe. Sababu ni hewa. Petroli haiwezi kuungua bila hewa, na kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza takriban asilimia tatu ya nguvu zake kwa kila mita 300. Kwa hivyo kwenye mita 3,300 theluthi moja ya nguvu imekwenda. Malori ya mizigo yalitupungia mkono, nasi tukakaa upande wa kulia na kuwaachia njia wenye haraka.

Usiku wa kwanza tulilala Salida, mji mdogo kando ya mto Arkansas. Siku ya pili tulivuka pito la Poncha na kushukia bonde la San Luis, uwanda mpana uliozungukwa na milima pande zote. Kwenye ukingo wake wa mashariki mna ajabu moja: milima ya mchanga mtupu, mirefu kuliko mingine yote Marekani ya Kaskazini, mingine ikifikia mita 200 na zaidi kutoka chini. Upepo ndio ulioikusanya pale kwa maelfu ya miaka. Watoto waliteleza juu yake hadi sauti zikawakauka. Mama alivua viatu, akakanyaga mchanga, akasema: "Huu ni ufuo uliosahauliwa na bahari."

Jioni hiyo, mjini Alamosa, Mama alibandika githeri. Saa mbili zikapita, maharagwe yangali magumu kama risasi. Mke wangu aliwaeleza watoto kwamba kwenye kimo kile, mita 2,300, maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 92 hivi badala ya 100, na ndiyo maana chakula hukawia kuiva. Mama hakuridhika na maelezo hayo. Kwake, maharagwe ya Marekani ni kaidi tu. Tulikula mkate na mayai.

HARUFU YA BREKI

Siku ya tatu ilikuwa ya pito la Wolf Creek, mita 3,309. Kutoka Alamosa barabara huufuata mto Rio Grande, kisha hupanda kwa upole katikati ya misonobari. Kule juu ndiko mgongo wa bara lote ulipo: tone la mvua likianguka upande wa mashariki huelekea bahari ya Atlantiki, na likianguka magharibi huelekea Pasifiki. Tulipiga picha. Kaka alikuwa na furaha. "Mliogopa nini?" alituuliza.

Kisha tukaanza kushuka.

Upande wa magharibi, barabara huteremka karibu mita saba kwa kila mita 100, kilomita baada ya kilomita. Vibao vya manjano vyenye picha ya lori juu ya pembetatu viliwaonya madereva. Tuliona pia njia fupi za kando zilizopanda mlima na kujazwa kokoto nyingi. Hizo zimejengewa malori yaliyopoteza breki. Dereva huingia humo, kokoto zikayameza magurudumu, na lori likasimama.

Gari letu lilikuwa otomatiki. Kaka aliliacha libadilishe gia lenyewe, naye akakanyaga breki. Hakukanyaga kwa nguvu. Aliuegemeza mguu tu, kama mtu anayesubiri taa zibadilike, na hakuuondoa. Dakika tano. Dakika nane. Vikombe vilianza kugongana kabatini. Ndipo ile harufu ikaja, kama ya mpira na chuma vilivyotiwa motoni pamoja.

"Kuna kitu kinaungua jikoni?" nilimwuliza mke wangu.

"Si jikoni," akajibu.

Nilimtazama kaka. Alikuwa amekanyaga zaidi, na uso wake ulinieleza kwamba breki hazikumjibu kama zilivyomjibu mwanzoni. Kando yetu, nje ya dirisha langu, vilele vya misonobari vilikuwa chini ya magurudumu.

Ndipo sauti ya Mama ikatoka nyuma, taratibu, bila kupanda: "Mwanangu, gia uliyopandia ndiyo utakayoshukia."

Nieleze hapa kwamba marehemu baba yetu alikuwa dereva wa lori katika barabara ya Mombasa hadi Malaba. Maneno hayo yalikuwa yake. Aliyasema mezani, aliyasema akifunga kamba za viatu, aliyasema hata kwenye arusi za watu. Sisi watoto tuliyachoka. Mama, ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake, ndiye aliyekuwa ameyaweka.

Kaka aliivuta gia hadi ya pili. Injini ilinguruma kwa hasira, gari likajizuia kama ng'ombe aliyevutwa kamba, na kwenye kona kubwa yenye mahali pa watazamaji kusimama, tukaingia na kusimama. Moshi mwembamba ulikuwa ukipanda kutoka magurudumu ya mbele.

Tulikaa pale zaidi ya saa moja. Hatukumwagia breki maji, maana chuma chenye moto kikipigwa na baridi ghafla chaweza kupasuka. Tulisubiri tu. Mtoto wetu wa kike alitaka kujua kwa nini breki huchoka. Jibu ni kwamba breki haiuli mwendo. Huugeuza kuwa joto. Tani sita zikiteremka mlima mrefu hutoa joto jingi mno, na mguu usipoondoka kwenye breki joto hilo halipati nafasi ya kutoka. Vipande vya breki huanza kuteleza badala ya kushika. Maji ya breki nayo yakichemka, hujaa mapovu, na dereva hukanyaga hewa. Dawa yake ni kuiachia injini kazi ya kulizuia gari kwa gia ndogo, na kuikanyaga breki kwa nguvu kidogo na kwa muda mfupi, mwendo upungue, kisha kuiachilia ipoe.

Kaka alikuwa amesimama peke yake ukingoni. Alirudi, akachuchumaa mlangoni karibu na kiti cha Mama.

"Mama, nisamehe. Nimekuweka hatarini."

"Bado hatujafika chini," Mama akamjibu. "Inuka, uendeshe kama babako."

Tulishuka sehemu iliyobaki kwa gia ya pili, msafara wa magari nyuma yetu, na hakuna aliyeona haya.

UAMUZI WA DURANGO

Mjini Durango fundi alizifungua breki, akazikagua na kusema zingali salama, ila zisipate adhabu nyingine kama ile. Tulipumzika siku nzima. Asubuhi watoto walikwenda kuliona garimoshi la mvuke linaloondoka mjini humo kwenda Silverton, kwenye reli iliyofika huko mwaka wa 1882 wakati wa uchimbaji wa fedha.

Usiku tulirudi kwenye ramani. Mbele yetu ilikuwa Barabara ya Dola Milioni. Kaka alikuwa ameitamani tangu afike Colorado. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya jikoni kwake. Kutoka Durango hadi Ouray kwa njia hiyo ni kilomita 113 tu, lakini ni mapito matatu yanayofuatana, yote ya zaidi ya mita 3,200. Mstari wa kalamu nyekundu nao ulizunguka magharibi kupitia Cortez, Dolores na pito la Lizard Head hadi Ridgway: kilomita 265 hivi, pito moja kubwa, na mteremko mpole zaidi.

Hakuna aliyesema neno. Sote tulijua kwamba uamuzi ule lazima utoke kwa mwenye usukani, maana dereva aliyelazimishwa ni hatari kama dereva mwenye kiburi. Kaka aliikunja ramani.

"Kesho tunazunguka," alisema, akaenda kulala.

Kuzunguka huko hakukutupa hasara. Njiani tulipita Mesa Verde, hifadhi ya taifa tangu 1906. Humo mababu wa watu wa Pueblo walijenga nyumba za mawe ndani ya mapango ya majabali, wakaishi humo hadi mwishoni mwa karne ya 13 walipohamia kusini. Nyumba iitwayo Cliff Palace ina vyumba vipatavyo 150. Mama alizitazama kutoka ng'ambo ya korongo kwa muda mrefu, akasema hawa nao walipenda kuishi milimani, lakini angalau nyumba zao hazikuwa na magurudumu.

BARABARA YA DOLA MILIONI

Tuliiona hatimaye. Tulipofika Ouray, mji uliobanwa na majabali pande tatu, tuliliacha gari-nyumba kambini. Mama alibaki na mke wangu na binti yetu kwenye bwawa la chemchemi za maji moto. Kaka, mwanangu na mimi tulikodi jipu pamoja na dereva wake, mwenyeji wa mji.

Barabara hiyo ilianza miaka ya 1880 kama njia ya kulipia ushuru, iliyochongwa mwambani na Otto Mears, mhamiaji mzaliwa wa Urusi, ili madini yashushwe kutoka migodini. Kuhusu jina lake kila mtu ana hadithi yake. La hakika ni kwamba kwa kilomita nyingi hakuna vyuma vya kuzuia magari ukingoni. Barabara ni nyembamba mno kuvibeba, na wakati wa baridi mitambo huisukuma theluji moja kwa moja hadi korongoni. Mstari mweupe unakwisha, lami inakwisha, na kinachofuata ni hewa. Mahali pamoja pana mnara wa kuwakumbuka madereva watatu wa mitambo hiyo waliouawa na maporomoko ya theluji mwaka wa 1970, 1978 na 1992.

Kwenye kona moja tulikutana na gari-nyumba kubwa kama letu. Lilikuwa limekanyaga mstari wa katikati kwa kuogopa ukingo, na dereva wetu akalazimika kusimama ili lipite. Niliuona uso wa mzee aliyeliendesha. Mikono yake ilikuwa imeushika usukani kama mtu anayening'inia. Kaka aliligeukia hadi likapotea, lakini hakusema kitu. Wala sisi hatukumwuliza.

SAFARI YA MWISHO

Kutoka Ouray tulishuka hadi Montrose na Grand Junction, kisha tukashika barabara kuu ya I-70 kuelekea mashariki. Sehemu inayopita korongo la Glenwood, kando ya mto Colorado, ilikamilishwa mwaka wa 1992 kwa madaraja na mashimo ya chini ya mwamba, nayo ni kazi ya wahandisi inayostahili kutazamwa. Hata hivyo, moto wa 2020 uliunguza miti ya mlimani, na mvua za 2021 zikaporomosha matope yaliyoifunga barabara kwa siku kadhaa. Ndiyo sababu kila asubuhi kabla ya kung'oa nanga tulisikiliza habari za barabara na za hali ya hewa. Ramani hukuonyesha njia ilipo, lakini haikuambii kama leo iko wazi.

Siku ya mwisho tulifika kwenye shimo la Eisenhower. Lina urefu wa kilomita 2.7 na liko mita 3,401 juu ya bahari. Njia yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka wa 1973, na ya pili 1979. Ukitoka humo kuelekea mashariki, unashuka karibu mita 1,800 hadi Denver, safari ya kilomita mia moja hivi.

Kabla hatujatoka shimoni, nilimwona kaka akiivuta gia chini. Hakuna aliyemkumbusha. Injini ilinguruma, mwendo ukatulia, na tukaanza kushuka, breki zikiguswa mara moja moja tu. Niligeuka nyuma kumwangalia Mama. Alikuwa amelala usingizi mzito, kichwa chake kwenye bega la mjukuu wake.

KWA WANAOBAKI NYUMBANI

Si kila familia itakwenda Colorado, wala si lazima. Sisi tuna barabara ya Mai Mahiu inayoshuka Bonde la Ufa. Tuna Iten, kwenye mita 2,400 hivi, ambako barabara hujitupa hadi bonde la Kerio na kupanda tena Kabarnet. Na tuna mteremko wa Sachangwan hadi Salgaa, ambao umezika watu wengi kuliko tunavyopenda kukumbuka, baadhi yao kwa sababu dereva fulani aliitoa gia ili aokoe mafuta ya shilingi chache.

Basi kabla ya kuondoka Agosti au Desemba, iwe ni kwa gari la familia, kwa basi dogo la shule au kwa gari la kukodi lenye hema juu ya paa, chukua karatasi ya miraba na penseli. Waite watoto. Uchoreni mlima, mkaangalie unapopanda na, zaidi ya yote, unaposhuka. Chagueni saa ya kupita, mahali pa kulala, na njia ya pili ya kutumia mambo yakigeuka. Na akiwapo mzazi aliyewahi kuishi na dereva mzuri, mpeni kiti ambacho sauti yake itasikika.

Nawatakia safari njema, na mteremko mwema.